Jina Lake Nani? Foto za Wamama wa Zamani



Juma lililopita mvua ilipenya kwenye bati la nyumba yetu, ikalowesha valizi ya mama mkwe wangu. Asubuhi nikaitoa nje, tukaifungua pamoja juani. Ndani mlikuwa na vikwembe viwili ambavyo havai tena, karatasi za ubatizo wa watoto, na bahasha moja ya foto. Foto hazikufika kumi. Ndizo zote zilizobaki, maana mwaka 2008 tulipokimbia tulibeba watoto, sufuria na godoro moja, na tuliporudi ukuta ulikuwa mtupu.

Moja kati ya hizo foto ni ndogo kama kiganja, kingo zake zimekatwa mawimbi-mawimbi. Mama mmoja mzee amesimama mbele ya nyumba ya majani. Hacheki. Mkono mmoja umeshika kikwembe chake kifuani, mwingine umewekwa juu ya kichwa cha mtoto. Nyuma ya foto kuna maneno mawili ya kreyo: "Mama, Pasaka."

"Mama, huyu ni nani?" nikauliza.

"Huyo ni mama."

"Aliyekuzaa?"

"Hapana. Sisi wote tulimwita mama. Ni mama wa baba yangu, ao dada yake. Walifanana sana hao wawili."

"Na jina lake?"

Mama mkwe akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, nani angethubutu kumwita kwa jina?"

Basi tukakaa pale na foto mkononi. Mama wa nani? Pasaka ya mwaka gani? Tukahesabu na kuhesabu. Mama mkwe anakumbuka kwamba alikuwa bado hajaanza shule ya primeri siku ile fotografu alipopita. Mama huyo alikuwa amezeeka tayari. Kwa hiyo alizaliwa kabla ya vita kubwa ya 1914, akaolewa na kuzaa wakati nchi yetu ilipokuwa inageuka kila mwaka. Ameona mambo mengi kuliko sisi. Sura yake tunayo. Jina lake hatuna.

Ndiyo sababu ya makala hii.

Kamera ilipofika kwetu

Wengi wetu hatuna foto ya familia ya miaka ya 1900 hadi 1930. Si kwamba wazee walizipoteza. Hawakupigwa. Kamera ilifika katika nchi yetu mikononi mwa wageni, na wageni walikuwa na sababu zao.

Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita katika Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, kwenye volkano zetu na Rutshuru hadi upande wa Ziwa Edward. Walikuwa na wataalamu wa mawe, wa mimea, wa wanyama, na mmoja wa watu: Jan Czekanowski, Mpolandi, aliyepima watu vichwa na urefu na kuwapiga foto. Kitabu cha msafara huo kilitoka mwaka 1909, kimejaa foto.

Wakati huohuo nchi ilikuwa inabadilisha wenyewe. Hadi 1908 Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold mwenyewe, kisha ikawa koloni la Ubelgiji. Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walipatana juu ya mipaka. Ndipo familia ileile ikajikuta dada mmoja yuko Bwisha, mwingine Bufumbira upande wa Uganda, wa tatu Rwanda. Mama aliyekuwa akienda kumsalimia mama yake kwa mguu asubuhi akajikuta anavuka nchi.

Mwaka uleule wa 1910 jengo kubwa la makumbusho ya Kongo lilifunguliwa Tervuren, karibu na Brussels. Huko zimehifadhiwa hadi leo foto nyingi sana za nchi yetu. Watu wetu wako kule, kwenye masanduku, wamepangwa kwa namba.

Yale foto inaonyesha, na yale isiyoonyesha

Ukipata kitabu chenye foto za wakati ule, usitazame uso tu. Tazama miguu. Utaona wamama wa nchi za Ziwa Kivu wamevaa pete nyembamba za nyuzi kwenye vifundo vya miguu, nyingi sana, zimepandana hadi mguu unaonekana mnene. Zinaitwa butega. Zilisukwa na watu wa Butembo ile ya magharibi ya Ziwa Kivu, nchi ya Watembo, si mji wa Butembo wa Grand Nord. Zikavushwa kwa mitumbwi kupitia kisiwa cha Idjwi hadi Rwanda. Watu walizitumia pia kama feza: kwa butega ulipata mbuzi, maharagi, hata jembe. Kwa hiyo mama aliyesimama na butega zake mguuni alikuwa amesimama na akiba yake. Leo tunaweka kwenye likelemba. Yeye alitembea nayo.

Tazama na nguo. Mmoja amevaa ngozi, mwingine nguo ya ganda la mti, mwingine tayari ana kitambaa cheupe cha merikani kilicholetwa na wachuuzi kutoka pwani. Foto moja inaweza kuonyesha nguo zote tatu, na hapo unajua uko katikati ya mabadiliko: binti anataka kitambaa, nyanya yake anasema ngozi inatosha.

Tazama na vyombo: mtungi wa udongo, kibuyu cha maziwa, kitunga, jiwe la kusagia. Huoni sufuria. Huoni muhogo mwingi pia. Chakula kilikuwa ndizi, maharagi, mtama, ulezi na viazi vitamu. Chumvi haikuwa kitu cha kununua kwa sashe. Ilitoka mbali, kwenye ziwa dogo la Katwe ng'ambo ya Ziwa Edward, na ililetwa kwa mtumbwi na kwa kichwa. Mama aliyekuwa na chumvi aliifunga kwenye jani la mgomba na kuihesabu kwa kidole.

Lakini angalieni jambo moja. Karibu foto zote hizo zimepigwa nje. Mama anatwanga nje, anasaga nje, anabeba maji njiani. Sababu yake ni nyepesi: kamera za wakati ule zilihitaji mwangaza mwingi. Fotografu alitembea na sanduku kubwa juu ya miguu mitatu na vioo vizito vilivyopakwa dawa. Ndani ya nyumba ya majani, yenye mlango mmoja na moshi, foto ingetoka nyeusi tupu. Hata kamera ndogo ya Brownie, iliyotoka Marekani mwaka 1900 kwa bei ya dola 1 na kuwawezesha watu wa huko kupigana foto nyumbani, ilitaka jua.

Kwa hiyo moto wa jikoni haumo. Kitanda hakimo. Mama akimnyonyesha mtoto usiku hayumo, wala wake wenza wakigawana ndizi, wala binti akifundishwa na shangazi yake mambo ya ndoa. Sehemu kubwa ya maisha ya nyumba ilikuwa ndani, na ndani kamera haikuingia. Hiyo imebaki kwenye midomo ya wazee peke yake. Mzee akifa, hakuna kioo cha Tervuren kitakachoirudisha.

Na mambo mengine hayakupigwa kwa sababu hakuna aliyetaka yaonekane. Katika vita ya 1914 hadi 1918, wanaume wa upande wetu wa Kivu walichukuliwa kubeba mizigo ya askari, hasa mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji lilipovuka kwenda Rwanda. Foto za maofisa zipo. Mama aliyebaki na watoto watano, shamba lisilolimwa na ghala tupu, yeye nani alimpiga foto?

Gorila alipata jina

Nataka kuwapa mifano mitatu ya miaka ile, mpime wenyewe.

Wa kwanza. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alikuja kwenye volkano zetu kuwinda gorila kwa ajili ya makumbusho ya New York, na kuwapiga picha. Baadaye ndiye aliyemwomba mfalme wa Ubelgiji awalinde gorila, na mwaka 1925 hifadhi ya Albert ikaanzishwa, ambayo leo tunaiita Virunga. Alikufa mwaka 1926 akazikwa Kabara, chini ya Mikeno. Huyo Akeley alimchonga gorila mmoja kwa shaba na kumpa jina: Mzee wa Mikeno. Sanamu hiyo inajulikana duniani. Sisi tunaoishi kando ya hifadhi, tunaojua kuni zimekuwa ngumu kiasi gani, tunajua pia kwamba kuna wamama waliokata kuni katika msitu ule kabla haujawa hifadhi. Majina yao hayako popote.

Wa pili. Katika msafara huohuo wa 1921 kulikuwa na familia nzima kutoka Chicago: baba, mama ambaye alikuwa mwandishi, na mtoto wao wa kike wa miaka sita, Alice Bradley. Mama yake, Mary Hastings Bradley, aliandika vitabu vya safari hiyo. Foto za Alice zipo: Alice na nywele zake za dhahabu, Alice katikati ya watu wetu. Ni foto za familia kama zetu. Mama anataka kumkumbuka mtoto wake, na hilo simlaumu. Mtoto huyo alikua akawa mwandishi maarufu. Lakini waliobeba maji yake ya kuoga na hema lake la kulalia hatuwajui.

Wa tatu ni mzito. Mei 1904, Baringa, magharibi mbali ya huku kwetu, mama mmoja Mwingereza wa misheni, Alice Seeley Harris, alipiga foto ya baba aliyeketi kwenye baraza. Mbele ya baba huyo kuna mkono na mguu wa mtoto. Ndivyo alivyoachiwa na walinzi wa kampuni ya mpira waliomuua binti yake. Foto hiyo ilionyeshwa kwenye mikutano mingi Uingereza na Marekani, watu wakalia, wakaandika, wakapiga kelele, na foto za namna hiyo zilisaidia kumnyang'anya Leopold nchi mwaka 1908.

Baba yule anaitwa Nsala. Binti yake anaitwa Boali. Alikuwa na miaka kama mitano. Tunajua kwa sababu mtu alisimama, akauliza, akaandika. Miaka zaidi ya 120 imepita na bado tunaweza kumwita mtoto huyo kwa jina lake. Foto ya huzuni kuliko zote ndiyo iliyotunza jina.

Si wazungu peke yao

Msidhani kamera ilikuwa ya wazungu tu. Boma, mji mkuu wa Kongo wakati ule, kulikuwa na fotografu Mwafrika, Herzekiah Andrew Shanu, mtu wa Lagos aliyezaliwa 1858 na kufika Kongo mwaka 1884. Alifanya kazi serikalini, kisha akafungua duka lake, na foto zake zilichapishwa hadi Ubelgiji. Alipoanza kusaidia kwa siri wale waliofichua mateso ya mpira, akagunduliwa, na wafanyakazi wa serikali wakaacha kununua dukani kwake. Mwaka 1905 akajiua.

Na Zanzibar, wakati huku kwetu hakuna studio hata moja, wamama wa mjini waliweza kuingia studio ya Gomes ao ya Coutinho, wakasimama na kanga zao mbele ya pazia lililochorwa. Lakini hata huko kuna funzo. Foto nyingine za studio hizo ziliuzwa kama kadi za posta kwa wasafiri wa meli, na chini yake yakaandikwa maneno kama "mwanamke wa Kiswahili" basi. Hata aliyevaa vizuri mjini, jina likamtoka njiani.

Na sisi tunafanya vilevile

Nilipofika hapo katika mawazo yangu nikaona aibu. Nilikuwa nawakasirikia wazungu wa 1907, lakini foto ya valizi yetu haikuandikwa na mzungu. Iliandikwa na mtu wa nyumba yetu, aliyempenda mama yule, naye akaandika "Mama."

Kwetu heshima ya mwanamke aliyezaa ni kuitwa kwa mtoto wake. Mimi mwenyewe hapa avenyu yetu wote wananijua kwa jina la kifungua mimba wangu. Nikiitwa hivyo nafurahi. Lakini mume wangu, baba mkwe na shemeji zangu wana majina yao kwenye karatasi za parseli, kwenye karti za chama, kwenye misalaba ya makaburi. Mwanamke mwenzangu, jaribu leo: taja jina la mama wa mama yako. Halafu la mama yake huyo. Wengi tutakwama kwenye wa pili. Upande wa wanaume tutapanda hadi wa tano.

Zaidi ya hapo, kila tunapokimbia tunapoteza. Tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Foto haziliwi, haziuzwi, kwa hiyo zinabaki nyuma. Siwezi kumlaumu aliyebeba unga akaacha foto. Ila kuna mambo madogo tunaweza kuyafanya siku za utulivu, bila feza nyingi.

Tufanye nini

*Andika nyuma.* Tumia kreyo laini, usitumie biki. Wino wa biki hupenya na kuchafua sura upande wa pili. Weka foto juu ya kitu kigumu, andika polepole kando. Andika jina la mtu mwenyewe, lile alilopewa na wazazi, na baada yake "mama wa fulani". Ongeza mahali, na mwaka hata wa kukisia: "kabla ya uhuru", "mwaka wa shule ya kwanza ya fulani". Kukisia ni bora kuliko kunyamaza, mradi useme kwamba unakisia.

*Uliza aliyekosekana.* Katika kila foto ya familia kuna mtu asiyeonekana. Nani alikuwa shambani siku ile? Nani alikuwa amekufa? Nani aliishika kamera? Mama mkwe wangu hakujua jina la mama yule, lakini nilipouliza nyumba ya nyuma ilijengwa na nani, akaongea saa nzima.

*Usizipeleke kuplastifiye.* Tunafanya hivyo kwa karti, lakini foto ya zamani ikipata moto wa mashine inaweza kuharibika, na haitoki tena ndani ya plastiki. Tia kwenye bahasha ya karatasi kavu. Usizitundike jikoni penye moshi wala dirishani penye jua.

*Zikishikana kwa maji, usizivute.* Zikiwa bado mbichi, zitie katika maji safi ya baridi hadi ziachane polepole, kisha zikaushe kivulini moja moja. Zile zilizokwisha kushikana sana, ziache hivyo hadi apatikane mtu anayejua.

*Piga foto ya foto.* Mwenye simu awasaidie wenzake. Toka nje kivulini, lala foto juu ya kitambaa kisicho na maua, zima taa ya simu, piga kutoka juu moja kwa moja. Kisha geuza, piga na nyuma yenye maandishi. Tuma kwa ndugu wawili wanaokaa miji miwili tofauti, mmoja Goma, mwingine Butembo ao Kampala. Siku ya kukimbia, foto itakuwa imetangulia.

*Asiye na foto asione haya.* Tutakaa naye, tutaandika jina na habari ya nyanya yake: alichota maji wapi, alipika nini siku ya sikukuu, alileta nini kutoka kwao alipoolewa. Karatasi hiyo itawekwa pamoja na foto za wengine.

Mkutano ujao

Kwenye mkutano wetu wa juma lijalo, baada ya hesabu ya likelemba, kila mmoja aje na foto moja ya mama wa zamani, ao na jina moja. Vijana wetu wenye simu watakuwepo. Kreyo zitakuwa mezani. Mwenye nyanya anayeweza kutembea amlete. Asiyeweza, tutamfuata nyumbani, tumpelekee ndizi na tukae.

Kuhusu foto yetu ya Pasaka: juzi mama mkwe alinituma kwa shangazi yake mmoja mzee sana anayekaa upande wa Rutshuru. Macho hayaoni vizuri tena. Nilimweleza foto kwa maneno: nyumba, kikwembe, mkono kichwani mwa mtoto. Akauliza, "Mkono upi?" Nikasema wa kushoto. Akacheka, "Basi si mama wa baba yake, ni yule dada. Yule alifanya kila kitu kwa kushoto, hata kukoroga bugali." Akanitajia jina lake, na jina la mama yake pia.

Nimeyaandika yote mawili nyuma, kwa kreyo, chini ya lile neno "Mama." Sikulifuta.